Upambaji wa nyumba ya kupanga

Upambaji wa nyumba ya kupanga ni uwekaji wa mapambo na samani katika chumba au nyumba ambayo mkaaji wake si mmiliki, kwa namna isiyoacha alama ya kudumu kwenye jengo. Malengo yake ni mawili: makazi yapendeze na yamfae mpangaji, na siku ya kuhama yarudishwe kwa mwenye nyumba yakiwa katika hali ya awali. Kwa sababu hiyo hutumika zaidi vitu vinavyotandikwa, kutundikwa, kuegemezwa au kufungwa kwa kamba kuliko vile vinavyopigiliwa misumari au kupakwa ukutani.

Katika miji ya Afrika Mashariki watu wengi huishi katika vyumba vya kupanga. Mfano unaojulikana sana ni nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua kwa nyuma. Mara nyingi kila chumba hukaliwa na mpangaji wake, na chumba hicho kimoja huwa sebule na chumba cha kulala kwa pamoja.

Mkataba na sheria

Kabla ya kubadilisha chochote, mpangaji husoma mkataba wake au kumuuliza mwenye nyumba. Mikataba mingi hukataza kutoboa kuta, kubadilisha rangi au kugusa nyaya za umeme bila ruhusa. Ruhusa inayotolewa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, huepusha ubishi baadaye.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 zote zinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, isipokuwa uharibifu unaotokana na uchakavu wa kawaida au na ajali asiyoisababisha. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida. Tundu la msumari wa zege lililobomoa lipu ni uharibifu. Pale mpangaji alipoweka amana, gharama ya kuziba matundu na kupaka rangi upya inaweza kukatwa humo.

Aidha, katika mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Uingereza, kitu kilichofungwa imara kwenye jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Kwa kawaida mpangaji anaweza kuondoa pambo alilolifunga mwenyewe, ikiwa linang'oka bila kuharibu jengo na muda wa upangaji haujaisha. Rafu iliyojengewa ukutani kwa saruji inaweza kubaki kwa mwenye nyumba, lakini kabati lililosimama sakafuni ni la mpangaji bila shaka.

Kuta

Aina ya ukuta huamua njia ya kutundika. Kulabu za kubandika kwa gundi hushika vizuri kwenye vigae na rangi ya mafuta, mradi pawe laini, pasafi na pakavu. Kwenye ukuta wa chokaa hazidumu kwa kuwa chokaa hutoa vumbi, na kwenye rangi ya maji zinaweza kubandua rangi wakati wa kuondolewa. Katika maeneo ya pwani unyevu nao hudhoofisha gundi. Ni vizuri kwanza kubandika kipande kidogo mahali pasipoonekana, kukiacha siku kadhaa, kisha kukibandua. Karatasi za ukutani za kujibandika zijaribiwe vivyo hivyo.

Mahali ambapo gundi haifai, picha huegemezwa juu ya kabati au meza. Picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968, mwanzoni zilichorwa kwenye vipande vya mbao nyembamba, na picha za namna hiyo ni rahisi kuegemeza na kubeba. Kioo kirefu nacho kinaweza kuegemezwa, lakini kizuiwe chini kisiteleze, hasa penye watoto.

Sakafu

Sakafu ya saruji yenye nyufa au madoa hufunikwa kwa zulia, mkeka wa ukindu au zulia la plastiki linaloviringishwa. Zulia la plastiki hukatwa kwa vipimo vya chumba na kutandikwa bila gundi. Uzito wa samani hulishikilia. Linapaswa kufunuliwa mara kwa mara, kwani unyevu unaopanda kutoka sakafuni huleta ukungu chini yake.

Madirisha na milango

Madirisha mengi ya mijini yana nondo za kuzuia wezi. Kamba au waya wa pazia unaweza kufungwa kwenye nondo hizo bila kutoboa ukuta. Njia nyingine ni fimbo yenye springi ndani, inayojibana yenyewe kati ya kuta mbili za fremu. Hufaa kwa pazia jepesi.

Kitenge na kanga hutumika kama pazia. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, hivyo doti moja hutosha pande mbili za dirisha dogo. Pazia la mlangoni huruhusu mlango kuachwa wazi ili hewa ipite, huku wapita njia wa ukumbini wasione ndani.

Kugawa chumba

Chumba kimoja hugawanywa kwa kabati au pazia refu, ili kitanda kisionekane na wageni. Kitanda chenye nguzo nne hubeba chandarua bila kuhitaji ndoano darini. Vitambaa vya kufuma vinavyowekwa juu ya makochi na meza hubadilisha sura ya sebule kwa gharama ndogo na hufuliwa kwa urahisi.

Mwanga na usalama

Taa ya mezani hubadilisha mwanga wa chumba bila kugusa nyaya za ukutani. Waya wa kuongezea umeme usipitishwe chini ya zulia, kwa kuwa unaweza kupata joto na kusababisha moto. Mapazia yawekwe mbali na jiko na mishumaa.

Kuhama

Mpangaji anayepiga picha za kila ukuta na sakafu siku ya kuingia huwa na ushahidi wa kasoro alizozikuta. Siku ya kutoka, gundi hulegezwa kwa joto la kikaushio cha nywele na kubanduliwa taratibu, kisha ukuta hufutwa. Ukaguzi hufanywa na pande zote mbili zikiwapo, kabla ya funguo kurudishwa.