Kisha kazi, nani atalipa munganga?

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake katika ugonjwa mpaka mwisho wa kontra. Siku ya pansioni, haki hiyo inaisha, isipokuwa mapatano ya kampani yenu yanasema ingine. CNSS inalipa pansioni, hailipi munganga wa malaria. Lakini ugonjwa uliotoka kwa kazi, kama silikozi, ni jambo lake: utangazwe kwao.

Basi tafuteni mapema, mungali kazini. Katika mutuelle, wanachama wanatoa mchango na kutunzana. Mara nyingi mchango ni mdogo, na hospitali ni chache. Kampani za asiransi (sheria ya 2015 iliondoa SONAS kuwa peke yake) zinatazama sana umri.

Mbele ya kutia sahihi, mtoto anayejua Kifaransa akusomee karatasi yote, hata maandiko madogo. Wanapokea mtu mpaka miaka ngapi? Sukari ao tansio uliyo nayo sasa, wanaitunza? Miezi ya kwanza unalipa bila kutunzwa? Pesa ya mwaka ina mwisho gani? Na bibi yako: ukifa mbele yake, jina lake linabaki ao linafutwa?