Bei ya gitaa la Mbinga imo kwenye rangi yake

Mnunuzi wa gitaa huanza na macho. Kabla hajalipakata, na kabla hajaomba lichomekwe kwenye amplifaya, ameshakagua kama rangi imelala vizuri, kama kuna michirizi kwenye kingo, kama vumbi limenasa ndani ya vanishi. Gitaa la kiwandani kutoka China linalouzwa Kariakoo hushinda hapo hapo, kwa sababu ngozi yake ya plastiki ngumu haina doa, hata kama ubao uliofunikwa ni vipande vya kuungaunga. Gitaa la kuchongwa kwa mkono laweza kuwa na ubao bora na shingo iliyonyooka zaidi, kisha likakataliwa kwa sababu ya tone moja la rangi lililoganda mahali pabaya.

Kwa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa hili ni suala la uchumi kabisa. Mkoa wao wa Ruvuma una miti inayotafutwa na watengenezaji wa ala za muziki duniani. Una maseremala, wengi wakiwa warithi wa ufundi uliofundishwa na Wabenediktini wa Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898. Una pia wateja: kwaya za Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoanzishwa mwaka 1986, makanisa ya Kianglikana ya mwambaoni kama Liuli, makanisa ya kilokole ambayo ibada yake haiendi bila solo na besi, na bendi za harusi. Kinachopungua ni hatua ya mwisho, ile ya kusugua, kuziba, kupaka na kung'arisha. Hatua hiyo ndiyo inayoamua kama fundi atalipwa bei ya ubao au bei ya ala.

Misitu ya miombo ya wilaya za Tunduru na Namtumbo ina mninga na mpingo. Mninga husinyaa kidogo sana unapokauka, na uzito wake mkavu, kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, unakaribiana na wa mbao zinazotumika kwenye magitaa ya umeme ya Marekani. Mpingo huzama majini. Mita ya ujazo hupita kilo 1,200, kwa hiyo kiwiliwili kizima cha mpingo kingemtesa mpigaji bega, lakini ubao mwembamba wa vidole juu ya shingo ndiyo nafasi yake halali. Tena kuna mgrivea, mti wa kivuli unaopandwa kwenye kahawa, ambao wengi huuhesabu kuwa kuni na mbao za kawaida. Gogo lake likipasuliwa kutoka kwenye moyo kuelekea ganda, uso wa ubao hutoa madoa yanayometa, na chini ya vanishi isiyo na rangi madoa hayo yanaweza kuliuza gitaa bila maneno. Fundi ajihadhari tu: unga wa mgrivea huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Kipande kinachotosha kiwiliwili kimoja ni sentimita 50 kwa 35, unene 4.5. Kwenye karatasi, mita moja ya ujazo hutoa vipande 126. Toa nyufa, mafundo na unachokula msumeno, hata ukipoteza nusu nzima bado una magitaa zaidi ya 60. Ubao, kwa maneno mengine, ni sehemu ndogo ya gharama. Vyuma vya shingo, funguo za kukazia nyuzi na pikapu za kunasa sauti ya nyuzi vitanunuliwa dukani, na huko fundi hana ubavu wa kupanga bei. Nguvu yake yote imo kwenye saa za mikono yake, na sehemu kubwa ya saa hizo huenda kwenye umaliziaji.

Seremala anayeona gitaa la umeme ni kitu cha viwanda vikubwa afikirie lilivyoanza kuuzwa kwa wingi. Leo Fender alikuwa fundi wa redio pale Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima usio na uwazi ndani, shingo yake ikiwa imefungwa kwa skrubu 4. Ilikuwa kazi ya randa, patasi na drili, kazi ambayo fundi wa makabati wa Mbinga anaijua. Rangi zake za kifahari za miaka iliyofuata zilitoka kwenye makopo ya DuPont yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Mpaka rangi wa gereji ya Songea, anayenyoosha bodi ya daladala, kuziba kwa puti, kusugua na kupuliza rangi, anafanya hatua zile zile. Kwa maoni yangu hao wawili, seremala na mpaka rangi wa magari, wakikaa karakana moja, mtaalamu wa kwanza wa umaliziaji wa magitaa Ruvuma amepatikana.

Umiliki wa vyombo umeendesha historia ya muziki wetu kuliko tunavyokiri. Baada ya uhuru bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na taasisi, kwa sababu taasisi ndizo zilizomudu vyombo: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Super Matimila, bendi iliyomtangaza Remmy Ongala, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Mpigaji aliishi kwa hisani ya mwenye gitaa, na akifukuzwa aliondoka mikono mitupu. Gitaa zuri linalotengenezwa karibu, kwa bei ambayo kwaya ya kigango inaweza kuichangia kwa msimu mmoja wa kahawa, linambadilishia mwanamuziki hesabu zake zote.

Majirani wametangulia. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, banjo na magitaa ya kujitengenezea ni utamaduni wa siku nyingi, na Madalitso Band, watu wawili wenye gitaa na babatoni, besi ya uzi mmoja ya kujitengenezea, walifika tamasha la Sauti za Busara na majukwaa ya Ulaya. Kinshasa ina Socklo, fundi aliyewatengenezea wanamuziki wa mji ule magitaa kwa miongo kadhaa. Mwambaoni kwetu vijana wa vijiji vya ziwa wanaovuka maji kutembelea ndugu wanaiona kazi hiyo na kuisikia. Lakini babatoni huuza mwonekano wake mkavu, wa ubao na ngoma ya ngozi. Gitaa la umeme linasimama rafu moja na la kiwandani, na huko huruma haimo.

Kazi yenyewe huanza na ukavu, na hapa ndipo magitaa mengi ya mkono yanapoharibikiwa. Ubao wa unene wa sentimita 4 au 5 uliopasuliwa mbichi huhitaji mwaka mmoja hadi miwili kivulini, umepangwa kwa vipande vya kutenganisha ili hewa ipite. Ukipakwa rangi mapema, maji hutafuta njia ya kutokea na rangi hupasuka pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Safari ya kutoka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za lami, inamshusha mtu hadi ufukwe ulioko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto na unyevu mwingine kabisa. Gitaa lililofungwa baridini likashushwa ziwani hufanya mtihani wake huko, na fundi makini hukaa na ubao wake muda mrefu kabla ya kuligusa kopo la rangi.

Baada ya randa huja msasa: namba 120 kuondoa alama za zana, 180, 240, mwisho 320, daima kwa kufuata nyuzi za ubao. Mkwaruzo mmoja wa kukata nyuzi hauonekani ubao ukiwa mkavu, ila vanishi ikiingia unajitokeza mweusi. Mninga una vinyweleo vilivyo wazi, hivyo huzibwa kwa kijazio kinachosuguliwa kwa kitambaa na kukwanguliwa, kisha hupakwa sila, tabaka la kuziba ubao, mara mbili au tatu, kila tabaka likilainishwa. Anayeruka hatua hii ili kuwahi rangi ataona vishimo vikirudi juu baada ya wiki mbili, wakati mteja ameshalipa na ameshaanza kulalamika.

Kwa asiye na kompresa, na hao ndio wengi, kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni vanishi nyembamba iliyopunguzwa kwa thina na kupakwa kwa pedi ya kitambaa safi, matabaka mengi mepesi badala ya mawili mazito. Ya pili ni mafuta ya kitani na nta ya nyuki, na naipendelea waziwazi kwa mninga. Haifichi ubao, haihitaji chumba kisicho na vumbi, ikikwaruzwa hutengenezwa mahali pale pale, na nta hurinwa katika misitu ile ile ya miombo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vianikwe vimekunjuliwa nje, maana vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka. Ubao wa vidole wa mpingo uachwe bila vanishi, ufutwe mafuta kidogo tu. Mafuta ya asili ya mpingo na ndugu zake huchelewesha vanishi kukauka, na vidole vya mpigaji vitaung'arisha bila malipo.

Anayetaka rangi ya kung'aa hufuata njia ya magari: tabaka za rangi, tabaka za vanishi isiyo na rangi, kungoja wiki kadhaa hadi ikomae, kisha msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia magari. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, rangi zinazokauka kwa haraka huvuta unyevu na kuacha ukungu mweupe. Rangi za kuchanganya na kigumushi huhitaji barakoa yenye vichujio, kwani kemikali zake zinaweza kuleta pumu isiyopona, na kitambaa puani hakizuii kitu. Karakana nyingi ziko uani, watoto wakicheza hapo hapo. Hili lazima libadilike kabla hatujazungumzia soko.

Sasa fedha. Kitanda hupakwa vanishi leo na kesho kimechukuliwa. Gitaa hudai wiki za kungoja kati ya tabaka na tabaka, fundi akiwa ameshanunua vyuma na pikapu. Biashara hii inataka mtaji wa kungoja, na mikopo mingi haingoji. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, ingewafaa vijana wa karakana ikiwa marejesho yatafuata mzunguko wa kazi yenyewe. Mpaka hapo, kinachoweza kulisha karakana ni ukarabati: magitaa ya makanisa yaliyobanduka rangi na kukwaruzwa na mikanda yapo, malipo yake ni ya papo kwa papo, na kila moja ni somo.

Kuna sababu nyingine ya kufikisha kazi mwisho hapa nyumbani. Tangu Februari 2023, mbao za mninga na za miti ya jenasi yake barani Afrika zimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Gogo na ubao vinavyovuka mpaka vinahitaji kibali chake, juu ya vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Orodha hiyo inahesabu magogo na mbao. Gitaa lililokamilika halimo. Kwa mpingo, ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa tangu Novemba 2019. Sheria ya kimataifa imechora mstari pale pale ambapo fundi anaweka tabaka lake la mwisho. Kwa miaka mingi mpingo wa kusini umeondoka kama vipande vya kutengenezea klarineti za Ulaya, na thamani ya ala ikabaki huko.

Msimu unasaidia. Juni hadi Oktoba hewa ya Mbinga ni kavu, na ndiyo miezi ya kuvuna na kuuza kahawa, fedha zikiwa mikononi mwa watu na kwaya zikipanga manunuzi. Kwa hiyo mbao za magitaa yatakayopakwa rangi Julai ya mwaka kesho kutwa zinatakiwa ziwe zimeshapasuliwa na kupangwa kivulini sasa.