Babu Yako Aliandikwa kwa Jina Gani?

Tuseme kijana wako wa hapa Hedaru amepata mchumba. Posa imepokelewa, na Padre ameanza kutangaza ndoa kanisani. Jumapili ya pili, baada ya Misa, mzee mmoja akuvuta kando na kukuambia kwa sauti ndogo: "Hawa watoto babu yao ni mmoja. Alikuwa na majina mawili tu." Utafanyaje? Kuvunja uchumba kwa neno la kusikia si haki. Kunyamaza ni vibaya zaidi, maana watoto wa ndugu wawili hawawezi kufunga ndoa Kanisani hivi hivi tu.

Usishangae kwamba mtu aweza kuwa na majina mawili. Hedaru ni mahali pa wapitaji. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipita chini ya milima yetu na kufika Moshi mwaka 1911, na kandokando yake yakaja mashamba ya mkonge. Wanaume waliteremka kutoka milimani, wengine wakatoka nchi za mbali kabisa. Kazini kila mmoja alipewa kipande cha siku zake na namba yake, ndiyo sababu wakaitwa manamba. Karani aliandika jina alilolisikia au lile alilopewa, naye mwenye jina hakuwa na haja ya kubishana, mradi apate mshahara wake. Huko nyumbani aliitwa kwa jina la ukoo, kwa wakwe jina jingine, na siku ya ubatizo akapewa la mtakatifu.

Basi anza kwa wazee, kabla hujamsumbua Padre. Uliza: babu alikuwa wa ukoo gani? Alitoka kijiji gani? Wenzake walimtania kwa jina gani? Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa nani? Andika majibu yote, hata yanayopingana. Hasa yanayopingana! Bibi kizee akikumbuka kwamba babu hakuwa akisema lugha ya hapa vizuri, hilo laweza kuwa na maana kuliko tarehe.

Kisha nenda parokiani. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa limeagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa katika vitabu, na kwa watu wengi wa vijijini waliozaliwa zamani, hicho ndicho cheti chao cha pekee. Hutakabidhiwa kitabu ukichukue nyumbani. Padre au katekista atakitafuta mbele yako. Usitafute kwanza jina la babu. Tafuta la baba wa mvulana, halafu la baba wa msichana, maana pale pameandikwa wazazi wa kila mmoja na wasimamizi wao. Usisahau kusoma pembezoni mwa ukurasa: huko huandikwa aliyebatizwa alikuja kufunga ndoa wapi, na nani. Mara nyingi pembezoni ndipo penye habari yote.

Jihadhari na maandishi. Yohane ameandikwa Joannes kwa Kilatini, na Yosefu ni Josephus. Padre Mfaransa aliweza kuandika "ou" pale tuandikapo "u". Mjerumani aliweza kumwandika Mshana kuwa Mschana, na Msuya kuwa Msuja. Kwa hiyo yasome majina kwa sauti, masikio yatambue yale ambayo macho yameyapita. Ikiwa babu hayumo, uliza parokia mama. Jimbo la Same lilianza kama Prefektura mwaka 1963, na vigango vingi vya leo havikuwa na vitabu vyake. Tena tusidanganyane: kitabu kilicholiwa na mchwa hakisomeki.

Anayetaka kwenda nyuma zaidi aweza kufika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, penye majalada ya Wajerumani na Kitabu cha Wilaya ya Pare. Mtu mwingine atafutwaye sana ni yule aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mwaka 1916, Waingereza walipopita hapa wakifuata reli. Huyo ni shida. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina la mpagazi hata mmoja, na mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita hivyo ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakukumbukwa kwa majina yao.

Lakini turudi kwa wachumba wetu. Mwambie Padre mapema, kabla ya tangazo la tatu. Ataahirisha bila kumwaibisha mtu. Vitabu vikionyesha kwamba mababu ni wawili, Padre ataendelea kutangaza. Vikionyesha kwamba ni mmoja, shauri litapelekwa kwa Askofu. Yeye aweza kutoa ruhusa kwa watoto wa ndugu wawili, au kuikataa, naye atataka kuona majina yameandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya ukurasa wa kitabu.