Hesabu Katika Duka la Motokaa

Wasikilizaji wetu, mwuza sukari akikosea hesabu hupoteza kilo moja. Mwuza motokaa akikosea huweza kupoteza mtaji wa mwaka mzima, asijue mpaka benki imwite. Kwa sababu hiyo leo twasema juu ya ofisi ya hesabu, na mfano wetu ni duka la motokaa zilizokwisha tumika, pale Mlandege katika mji wa Iringa.

Nyingi katika motokaa hizo hutoka Japani, hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha huendeshwa karibu kilometa 500 hata kufika Iringa. Katika safari hiyo ndipo makosa huanza. Mwenye duka hukumbuka fedha aliyoipeleka Japani na ushuru alioulipa, kwa kuwa ni mafungu makubwa. Bali ujira wa wakala wa forodha, mafuta ya njiani, posho ya dereva, na klachi iliyoungua katika kuupanda mlima Kitonga, hayo hulipwa kutoka mfukoni na kusahauliwa.

Basi yapasa kila motokaa iwe na ukurasa wake katika leja, nao ujulikane kwa namba ya chasisi. Kuandika "ile Toyota nyeupe" hakufai, maana Toyota nyeupe huenda zikawa nne. Kila shilingi iliyotumika kwa motokaa ile na iandikwe pale siku ile ile.

Tuseme, mathalan, motokaa ilinunuliwa kwa shilingi 8,000,000, ushuru na kodi za kuiingiza 5,500,000, bandari na wakala 600,000, safari 250,000, matengenezo 400,000. Jumla ni 14,750,000. Ikauzwa kwa 16,000,000, naye mwenye duka akafurahi. Lakini ilikaa uwanjani miezi minne, na fedha ilikuwa ya mkopo, ambao riba yake kwa muda huo ilikuwa 900,000. Faida iliyosalia ni 350,000, kabla ya mshahara wa mlinzi na pango la uwanja. (Kodi ya ongezeko la thamani katika mauzo tumeiweka kando, ili mfano uwe mwepesi.) Kwa hiyo kila Jumatatu karani amwonyeshe bwana wake orodha ya motokaa zote, na siku ambazo kila moja imekaa. Afadhali kupunguza bei mwezi wa pili kuliko kuilisha benki hata mwezi wa sita.

Jambo jingine ni arubuni. Mkulima wa mahindi au mwuza mbao wa Mufindi huweka sehemu ya bei, aje amalize akiisha kuuza mazao yake. Fedha ile si pato bado. Ni deni la duka kwa mnunuzi mpaka motokaa ikabidhiwe. Duka lililokwisha kuitumia arubuni, kisha likaiuza motokaa ile kwa mwingine, litamjibu nini mtu yule ajapo na fedha yake kamili? Kadi ya gari nayo itunzwe katika sefu, na daftari lionyeshe ni nani aliyeichukua na lini, hata umiliki uhamishwe kwa jina la mnunuzi.

Katika ofisi, apokeaye fedha asiwe ndiye aandikaye leja. Desturi ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea, ni ya kale. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Siku hizi iko pia mashine ya stakabadhi, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 chini ya Mamlaka ya Mapato. Kila jioni muhtasari wa mashine hulinganishwa na fedha iliyomo sandukuni, na hati za benki, na leja. Penye karani mmoja tu, mwenye duka ahesabu mwenyewe; kuchoka si udhuru.

Na siku ya mwisho wa mwezi zihesabiwe funguo zilizotundikwa ukutani. Zikiwa funguo 14, na kurasa zisizofungwa ni 15, mtu asiende nyumbani mpaka motokaa ya 15 imeonekana.