Kiini Kipya Kikigoma, cha Zamani Bado Kipo

Mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliniletea kompyuta yake ya mezani ikiwa imefungwa kwa khanga. Nilipomwamkia hakungoja niulize. “Marahaba, baba. Hii mashine imekufa. Fundi amesema dawa yake ni kufomati na kupiga Windows upya.” Nikamuuliza mle ndani kuna nini. “Madeni ya wateja wangu wote, tangu mwaka juzi.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Fundi aliyemshauri hakuwa na nia mbaya. Kufomati ni kazi ya muda mfupi, na mashine huwaka kweli. Lakini kwa tatizo lile, kufomati ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimeganda.

Mashine yenyewe ilikuwa Dell ya mtumba. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo hazina sifa za kuingia Windows 11. Kijana wa mama huyu, mwanafunzi wa chuo, akamwekea Ubuntu, mmoja wa mifumo inayojengwa juu ya kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Mambo yalikwenda vizuri hadi jioni moja mashine ikiwa katikati ya kujisasisha, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilitoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikasimama hapo hapo.

Kiini, au keneli kama wanavyosema mafundi, ni ile sehemu ya mfumo inayozungumza moja kwa moja na vifaa: diski, kumbukumbu, kioo, kibodi. Programu nyingine zote hupitia kwake. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kwanza huamka programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi. Hiyo hukagua vifaa, kisha humwachia kazi mpakiaji anayeitwa GRUB. GRUB huchukua kiini kutoka kwenye diski na kukiweka kwenye kumbukumbu, pamoja na kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs.

Kifurushi hicho ndicho roho ya kisa chetu. Kiini kikishaamka kinahitaji draiva ya kufungulia diski, na draiva nyingi zimehifadhiwa ndani ya diski hiyo hiyo. Ni sawa na mwenye duka aliyefungia funguo ndani ya duka. Kifurushi ni ufunguo wa akiba ulioachwa kwa mlinzi. Umeme ukikatika kifurushi kikiwa hakijamaliza kuandikwa, au nafasi ya kukiweka ikiwa imejaa, kiini kipya kilicholetwa na sasisho huamka mikono mitupu. Hakioni diski, hakina pa kwenda, kinaandika “Kernel panic” na kusimama.

Maneno hayo yanatisha, na yako kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na nilitamani sana kazi ile ishuke hadi kwenye ujumbe wa namna hii, maana hapa ndipo mtu wa kawaida anapohitaji lugha yake kuliko mahali pengine popote. Maana ya ujumbe ni hii: kiini kimeamua kusimama kabla hakijaharibu kitu. Mafaili hayajaguswa.

Kwa hiyo piga picha ya kioo kwa simu kabla hujazima. Kwenye mashine ya mama palikuwa na maneno “unknown-block(0,0)”. Sifuri mbili zinasema kiini hakikuona diski yoyote, na mara nyingi sana kosa liko kwenye kifurushi. Kama pangekuwa na namba kama 8 na 1, ingekuwa diski imeonekana ila haisomeki, na hapo ningeanza kuishuku diski yenyewe. Mstari mmoja wa picha unaweza kukuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Kuna jambo la kutangulia, nalo mafundi wa Kariakoo wanalijua vizuri. Mashine ikilia mlio na kioo kubaki kitupu tangu mwanzo, hata GRUB haijafikiwa, na kiini hakihusiki. Hapo huchomolewa ramu, miguu yake ikasuguliwa kwa ufutio na kurudishwa. Na kama saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka, betri ya mviringo ya mazabodi imekwisha. Mipangilio ya diski inaweza kuwa imebadilika nayo, na kiini kikasingiziwa bure.

Sasa dawa. Ubuntu inapoweka kiini kipya haikitupi kile ulichokuwa unakitumia. Vyote viwili vipo. Washa mashine, kisha gusa kitufe cha Esc, au shikilia Shift kwenye mashine za zamani, hadi orodha ya GRUB itokee. Chagua mstari unaoanza na neno Advanced. Utaona viini vimepangwa kwa namba za matoleo, kila kimoja kikiwa na mwenzake wa uokoaji. Chagua chenye namba ya nyuma ya kile kipya. Mashine ya mama iliwaka. Daftari la madeni lilifunguka, naye akasoma majina mawili matatu kwa sauti kuhakikisha.

Nakili kwanza. Kabla ya kutengeneza chochote tuliweka madeni yale kwenye flashi, na nikamwomba flashi ilale nyumbani, isilale dukani. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na moto hauchagui kati ya mashine na nakala yake zikiwa kwenye meza moja.

Kisha ukarabati, ukiwa ndani ya kiini cha zamani. Fungua dirisha la amri. Amri “df -h /boot” huonyesha kama nafasi imejaa. Ikiwa imejaa, “sudo apt autoremove” huondoa viini vilivyochakaa kwa utaratibu. Usivifute kwa mkono, unaweza kufuta hicho kinachokubeba. Amri “sudo dpkg --configure -a” humalizia usakinishaji uliokatizwa. Kama kifurushi bado hakipo, “sudo update-initramfs -c -k” ikifuatwa na namba ya kiini kipya hukiunda upya, na “sudo update-grub” humjulisha mpakiaji. Hata viini vyote vikigoma bado kuna njia: flashi yenye Ubuntu huwasha mashine bila kugusa diski, ukanakili mafaili yako kwanza.

Kiini kipya kinaweza pia kuwaka na bado ukabaki na kioo cheusi. Hapo mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha, hasa Nvidia, ambayo haikujengwa kwa toleo jipya. Kwenye GRUB bonyeza herufi e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Na aliyejijengea kiini mwenyewe akakataliwa kabla hakijaanza, aangalie Secure Boot: kinga hiyo hukataa kiini kisicho na saini inayotambulika.

Wenye Windows wasijione wako nje ya habari hii. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayofanya kazi ndani ya kiini, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani na kusimamisha ndege viwanjani. Kwa nyingi kati ya hizo dawa ilikuwa kuingia kwa hali salama na kufuta faili moja. Hapakuwa na haja ya kufomati.

Mama alipokuja kuchukua mashine yake tuliizima na kuiwasha mbele yake, bila kugusa orodha yoyote. Nikaandika “uname -r”. Namba iliyotoka ilikuwa ya kiini kipya. Akaifunga khanga yake, akaniuliza UPS nzuri inauzwa duka gani.