Pumzi na Mwendo Katika Mbio Ndefu

Nyanda za Tarime ziko juu kuliko Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri nchi inavyoinuka, kanieneo ya hewa hupungua, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mwili uliozoea huko huongeza chembe nyekundu za damu.

Mwaka 1968 mjini Mexico, meta 2,240 juu, Naftali Temu wa Kisii, kaskazini ya Tarime, alishinda meta 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia ilikuwa chini ya dakika 28. Hata bingwa alipunguza mwendo!

Mwanafunzi aanzaye kwa kasi humaliza mapema sukari iliyohifadhiwa misulini, akaishia njiani. Katika mazoezi marefu, na akimbie huku akiweza kutamka sentensi nzima.