Mkulima wa Kansas aliyetimuliwa kwenye kamati mara mbili

Wadau, leo tuvuke maji kidogo, twende Kansas, Marekani, kwenye ngano na ng'ombe. Kule kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile kubwa la Washington. La Kansas linakaa Topeka, lina maseneta 40 na wawakilishi 125, na linakutana miezi kama minne tu kuanzia Januari. Ndo maana mkulima anaweza kuwa mbunge bila kuachana na trekta.

Tim Huelskamp ni mtoto wa wakulima wa Fowler, kimji kidogo tu. Ila usimwite mshamba, jamaa ana PhD ya siasa! Aliingia Seneti ya jimbo 1997 akiwa na miaka 28, Republican wa mrengo wa kulia haswa: hataki kodi ipande, hataki utoaji mimba. Kasheshe ni kwamba aliwabana hata wakubwa wa chama chake. 2003 wakamtoa kwenye kamati ya fedha. Wapiga kura wakamkasirikia? Wapi! Wakamrudisha 2004, wakamrudisha tena 2008. Kwao ule ubishi ndo ulikuwa sifa. Mwaka 2005 alikuwa mstari wa mbele kuweka kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mume na mke tu, ikapita kwa kama asilimia 70 (Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kukiondolea nguvu kipengele hicho 2015).

2010 akachaguliwa kwenda Washington, ubishi ule ule. Desemba 2012 uongozi wa Spika John Boehner ukamwondoa kamati ya bajeti na ya kilimo. Hapa ndo palipouma. Kamati ya kilimo ndiyo jiko la ruzuku na bima ya mazao. Huna mtu jikoni, unasubiri utakachopakuliwa. Topeka ubishi ulimgharimu yeye mwenyewe, Washington uliwagharimu wenye mashamba.

Agosti 2016, kwenye kura za maoni za chama, daktari wa uzazi Roger Marshall akambwaga, kama 56 kwa 43, huku chama cha wakulima Kansas Farm Bureau kikiwa upande wa daktari. Na Marshall si mwanamageuzi, ni Republican mhafidhina vile vile! Alipoingia tu 2017, akapewa kiti kamati ya kilimo.

Haya, ungekuwa na heka zako za ngano kule, kura ungempa nani?